Tembo au simba akiingia mtaani, umati ndio unaoua watu. Tuelimishane kabla mahindi hayajakomaa

Mtoto wa Mbwemkuru

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimekaa nao moyoni muda mrefu nikawa naahirisha, ila juzi kwenye grupu la WhatsApp nimetumiwa video, tembo kasimama katikati ya mikorosho saa 3 asubuhi, vijana kama 60 hivi wamemzunguka, mmoja kampandisha mtoto mabegani ili aone vizuri, mbwa wanabweka, bodaboda wanapiga honi. Nimeshindwa kuimaliza. Naandika usiku huu huu kabla sijapoa.

Mimi nimekuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, wale mnaowaita VGS, miaka 6 upande wa Liwale huku kusini. Sina cheo chochote, nilipata mafunzo, buti, firimbi na tochi, basi. Nitakachosema ni nilichokiona na nilichofundishwa na waliokuwa wazoefu kuliko mimi. Na kubwa ninalotaka mlishike ni kwamba anayekufa mara nyingi siyo yule aliyerusha jiwe.

Mwaka wangu wa pili kazini tembo dume aliingia usiku kula mahindi akachelewa kutoka, kukapambazuka yuko ng'ambo ya kijito, karibu kabisa na nyumba za watu. Tulimkuta katulia kwenye kichaka anajipepea masikio. Kiongozi wetu akasema tumuache hapo hapo, kazi yetu leo ni kuzuia watu, giza likiingia atarudi mwenyewe kwa njia aliyojia. Ilipofika saa 4 asubuhi watu walishapita mia, wengine wametoka vijiji vya jirani na pikipiki. Sisi tuko wanne. Tukaomba, tukafoka, wapi! Likarushwa jiwe la kwanza, likaja la pili, mara madebe yanapigwa pande tatu kwa mpigo, na tembo akatoka kwa ule upande wa nne uliobaki, mbio, watu wanashangilia kwamba kakimbia. Sasa upande ule ndio njia ya kutoka mashambani, na mzee wetu mmoja alikuwa anarudi na baiskeli yake kafunga mihogo nyuma, masikio yake mazito, hajui chochote kinachoendelea kijijini. Tulimkuta chini ya mkwaju. Siendelei zaidi ya hapo, wanawe wapo na huenda wakasoma.

Waliorusha mawe wote walirudi kwao kula mchana.

Kuna watu watasema zamani mbona haya hayakuwepo, tembo wametoka wapi. Yalikuwepo, ila sisi tuliozaliwa miaka ya 90 tulikua wakati tembo wanaisha. Sensa ya mwaka 2009 Tanzania nzima ilikuwa na tembo kama 109,000, ya 2014 wakabaki kama 43,000, na ukanda wetu wa Selous ndio ulioumia kuliko kote, miaka ya 70 walihesabiwa zaidi ya 100,000, mwaka 2013 wamebaki kama 13,000. Ujangili ulipodhibitiwa wameanza kuongezeka na wanarudi kwenye mapito yao ya zamani, ya kwenda Ruvuma mpaka Niassa kule Msumbiji. Wamekuta kwenye mapito kuna mashamba, kuna vitongoji vipya, kuna shule. Na wamekuta kizazi ambacho hakikufundishwa na babu yake namna ya kumpisha tembo. Babu yangu alikuwa akinusa tu upepo anakwambia leo tusipite huku. Mimi nimekuja kujifunza hilo darasani nikiwa na miaka 27.

Sasa tembo akikukuta mchana kweupe yuko kwenye makazi, kwanza kabisa simu kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori, namba uwe nayo kabla, siyo uanze kuitafuta siku ya tukio. Pili watoto ndani, mbwa wafungwe, kwa sababu mbwa akimchokoza tembo halafu akikimbizwa anakimbilia kwa mwenye mbwa, anakuletea tembo mpaka mlangoni. Tatu mnahitaji watu wachache wenye sauti wakae kwenye njia zote zinazoingia eneo lile wawazuie wanaotoka shamba, wanaotoka shule, wanaotoka kisimani, hawa ndio mnaowasahau siku zote. Na upande uliko msitu, upande alikotokea, paachwe wazi kabisa bila hata mtu mmoja. Mnyama mwenye njia anaondoka, mnyama asiye na njia anatengeneza njia na ataitengeneza juu ya mtu. Kama mchana umeshaingia na ametulia, muacheni mpaka jioni. Najua inauma kumwangalia mtu aliyekula shamba lako anapumzika kivulini. Muacheni.

Usimkaribie kupiga picha ukidhani yuko mbali. Tembo anatembea kama mlevi lakini akiamua kukimbia hakuna binadamu wa kumuacha. Akikunjua masikio na kupiga kelele mara nyingi anakutisha, bado ana mazungumzo na wewe, rudi nyuma taratibu. Akilaza masikio, akakunja mkonga kifuani na kuja kimyakimya, mazungumzo yameisha, tafuta mti mnene, mwamba, korongo, kitu chochote cha kuweka kati yako na yeye, na jitahidi upepo usitoke kwako kwenda kwake.

Simba ni habari nyingine. Simba haji mchana kuonwa, ukimuona mchana mtaani jua kachanganyikiwa au kazingirwa. Usikimbie hata mguu ukitaka wenyewe, usimpe mgongo, mwangalie, ongea kwa sauti nene, rudi kinyumenyume. Ukikimbia unamwambia wewe ni swala.

Mnamkumbuka simba wa Rufiji? Wenyeji walimpa jina la Osama, alikula watu kama 35 kabla hajauawa Aprili 2004, na alipochunguzwa alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Wengi wakadhani basi, ni jino. Lakini watafiti waliofuatilia mikoa ya Lindi, Mtwara na Pwani walikuta kikubwa zaidi ni nguruwe pori. Nguruwe wanafuata mazao, watu wanalala kwenye madungu shambani kulinda mazao na nguruwe, simba anafuata nguruwe, anakukuta wewe kwenye dungu la miti minne na nyasi. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, na mashambulizi yalipanda miezi ya mavuno. Hakuna mtu aliyelala kwenye dungu kwa kupenda.

Kingine walichogundua ambacho ningependa kibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji ni kuhusu mwezi. Mashambulizi mengi yanatokea kati ya saa 12 jioni na saa 4 kasorobo usiku, na siku 10 zinazofuata baada ya mwezi mpevu ndio hatari zaidi, mara 2 mpaka 4 kuliko siku 10 za kabla yake. Sababu ni kwamba mwezi ukishapita upevu unachelewa kuchomoza, kwa hio zile saa za kwanza za usiku ambazo watu bado wako nje wanapika, wanaoga, wanaenda chooni, ni giza totoro, na simba ametoka kwenye usiku wa mbalamwezi ambao windo lilimuona akakosa chakula. Kwa hio mwezi ukianza kupungua, maji ya kuoga yaingie ndani mapema, watoto wasitumwe dukani usiku, choo mtu asiende peke yake.

Nimeandika sana. Naomba mwenye uzoefu wa mamba, kiboko, fisi, chui aongezee, na mwenye kupinga apinge.

Mama Hawa

Asante kaka kwa uzi. Mi nipo Nachingwea, naomba nipinge kidogo. Unasema tumuache mpaka jioni. Mwaka juzi waliingia watano usiku mmoja wakamaliza eka mbili za mahindi na mihogo yote, ufuta walikuwa hawaupendi sana ila waliukanyaga ukalala chini. Nina watoto wanne. Ukishaona kazi ya miezi mitano imelala hivo, halafu anakuja mtu na firimbi anakwambia usipige kelele, unajisikiaje? Hatupigi madebe kwa ujinga, tunapiga kwa sababu hakuna mwingine anayekuja. Tulipiga simu saa 2 usiku, gari limefika kesho yake saa 9 mchana kupima eka zilizoharibika.

Mtoto wa Mbwemkuru

Dada Hawa pole sana, na wala hunipingi, umesema kweli tupu. Ngoja nitofautishe vitu viwili ambavyo nimevichanganya. Usiku akiwa shambani, kufukuza ni haki yako na inatakiwa kufanyika, ila ifanywe na watu waliojipanga, wote upande mmoja, sauti zote zinatoka kijijini kuelekea msituni. Kinachoua ni kumzunguka, na kinachoua zaidi ni mchana. Kwenye mafunzo walitufundisha kwa ngazi, unaanza na tochi kali machoni, hajaondoka unaongeza honi, hajaondoka unarusha bomu la pilipili (pilipili ya unga imefungwa na fataki ndani ya kondomu, ikipasuka inatoa vumbi), mwisho kabisa ni ile fataki ya kurusha mipira ya moto angani. Hauanzi na kubwa, maana ukianza na kubwa akaizoea huna kitu tena.

Kuhusu gari kuchelewa sina cha kukutetea. Wilaya moja ina magari machache na maeneo ni makubwa mno, na ndio maana nasema kila kitongoji kiwe na kikosi chake, kisisubiri gari.

Kasuku99

Samahani kwa swali la mtu wa mjini, kwanini wasipigwe tu sindano ya usingizi wakarudishwa hifadhini? Kwenye vipindi vya TV naona dakika moja kalala.

Daktari Mifugo

Kasuku hiyo dakika moja ni ya kwenye TV, wamekata video. Mimi ni daktari wa mifugo, nimeshiriki zoezi kama hilo mara mbili. Mnyama akipigwa sindano haanguki hapo hapo, anaweza kuchukua dakika 5 mpaka 15, na ndani ya hizo dakika ameshtuka, ana maumivu na anakimbia bila kuona vizuri. Ukimpiga katikati ya watu umewaletea hatari kubwa kuliko ya mwanzo. Kipimo cha dawa kinategemea uzito, hali yake, hasira yake, mnyama aliyekwishafukuzwa na umati mwili umepanda joto na presha, anaweza kufa kwenye usingizi. Na dawa ya kumlaza tembo ni kali kiasi kwamba tone dogo likiingia kwenye kidonda cha daktari linaweza kumuua, tunakwenda nayo na dawa ya kuizimua mkononi.

Halafu ukishamlaza tembo wa tani 5 unambebaje? Unahitaji winchi, lori, barabara. Na hata ukimhamisha kuna wanaorudi. Kenya mwaka 2005 walihamisha tembo 150 kutoka Shimba Hills kwenda Tsavo Mashariki, baadhi walirudi kwao. Malawi 2022 walipelekwa tembo 263 Kasungu, wakaanza kutoka na kuua watu pande zote mbili za mpaka na Zambia. Chui ndio kabisa, anarudi kama njiwa. Kuhamisha kuna sehemu yake, ila siyo jibu la kila tukio.

Na umati unatuharibia hata sisi. Kumbukeni simba aliyeitwa Mohawk, Machi 2016, alitoka Nairobi National Park akafika Isinya. Watu wakamzunguka, pikipiki zinapiga honi, akajeruhi mtu mmoja, askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) wakampiga risasi wakati timu ya sindano haijafika. Walioiona video yake wanajua alivyokuwa anageuka huku na huku akitafuta pa kupita.

Mtoto wa Mbwemkuru

Dokta shukrani. Niongezee na la risasi, watu hutulaumu kwamba askari kasimama na bunduki hafyatui. Bunduki ya tembo ni .458, risasi yake ikikosa au ikipitiliza inaendelea na safari, nyuma ya mnyama kuna nyumba za udongo na watu juu ya miti wanaangalia. Atafyatua vipi? Na akimjeruhi tu bila kumuua, hapo mmefungua msiba.

Mwanasagalla

Salamu kutoka Voi, Taita. Huku kwetu ndovu ni majirani wa kila siku, na nakubaliana na mwenye uzi kuhusu umati. Nataka kuwaambia kuhusu nyuki. Sagalla tumefunga mizinga kuzunguka mashamba, kila mita 10 mzinga, umeunganishwa na waya. Ndovu akisukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, wanamuuma machoni na ndani ya mkonga, na ndovu wana kumbukumbu, na wanaambiana. Utafiti wa miaka 9 uliofanyika hapa kwetu umeonyesha msimu wa mazao uzio unageuza hadi asilimia 86 ya ndovu wanaoukaribia. Asali mnauza.

Ila nisiwadanganye. Ukame ukija, kama ule wa 2017, nyuki wanahama na mzinga mtupu ni sanduku tu. Pia uzio wa shamba moja unamsukuma ndovu kwa jirani asiye na mizinga, ni lazima muungane.

Kuhusu fidia, sheria yetu ya 2013 inasema mtu akiuawa familia inalipwa shilingi milioni 5 za Kenya. Kulipwa kwenyewe kunachukua miaka, kuna watu wamezeeka wakisubiri, lakini angalau kiwango kinaheshimu uhai. Kwenu ni ngapi?

Mama Hawa

Kanuni za 2011 ziliweka milioni 1 ya Tanzania, ndugu yangu. Huku wanaita kifuta machozi. Ya shamba wanaita kifuta jasho, kwa kanuni hizo eka moja ilikuwa kati ya 25,000 na 100,000 kutegemea umbali wa shamba na hifadhi, mwisho eka 5, na ukiwa ndani ya mita 500 za mpaka ulikuwa hupati kitu. Hata jina lenyewe hawajaliita fidia.

Mtoto wa Mbwemkuru

Dada Hawa hilo liandikwe kwa wino mzito. Mimi nimeshika kazi hii kwa mapenzi lakini nitasema wazi, huwezi kumwambia mtu amlinde tembo ambaye akimuua baba yake familia inapewa pesa isiyotosha hata gharama za msiba na arobaini. Mpaka hili lirekebishwe tutaendelea kuwaona watu wanachukua mkuki na sumu. Kisheria unaruhusiwa kuua mnyama anapotishia uhai wako au mali yako, ipo kwenye sheria ya mwaka 2009, ila utoe taarifa hapo hapo na usiguse hata ukucha, ni nyara ya serikali. Watu wanaingia jela kwa kuchukua ngozi, wala siyo kwa kujitetea.

Na kwa wasioweza mizinga, pilipili inasaidia pia. Kamba ya katani kuzunguka shamba, vitambaa chakavu vimeloweshwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa iliyosagwa, mvua ikinyesha unarudia. Ni kazi, na harufu yake inakaa mikononi wiki nzima, lakini mashamba niliyoyaona yamepona ni ya waliorudia baada ya kila mvua.

Ngosha wa Buchosa

Huku ziwani shida yetu mamba na viboko. Mamba anakusoma. Ukienda kuchota maji pale pale, saa ile ile, kila siku, ana siku yake na wewe. Sehemu zenye vizimba vya kuchotea maji ndani ya ziwa watu wamepumua, tatizo vijiji vingi havina na vikibomoka havitengenezwi. Kiboko usikae kati yake na maji, hata kama anakula majani yake kimya mbali na ufukwe. Wavuvi wanaorudi alfajiri wanapita njia za viboko bila tochi, ndio wanaokutwa hapo.

Kasuku99

Nimejifunza mengi. Swali moja la mwisho, huko kusini nasikia simba anayekula watu ni simba mtu, wa kutumwa. Mnalichukuliaje?

Mtoto wa Mbwemkuru

Hili nalijibu kwa heshima maana bibi yangu aliliamini mpaka anaingia kaburini. Imani ya simba mtu ipo, Lindi, Mtwara, hata Singida ina historia yake. Madhara niliyoyaona ni haya: mtu akichukuliwa, badala ya kijiji kufuata nyayo asubuhi ile ile zikiwa mbichi, kinakaa siku tatu kutafuta nani kamtuma. Nyayo zinapotea, simba anarudi mara ya pili nyumba ya jirani, na kuna kikongwe ambaye macho yake mekundu kwa moshi wa kuni anaanza kuangaliwa vibaya. Huwa siwabishii imani yao. Nawaomba tu kitu kimoja, tufuate nyayo kwanza leo, hayo mengine tutakaa kesho.

Mama Hawa

Kaka sawa. Kitongoji chetu kina kaya 40, hatuna VGS hata mmoja. Tukitaka kuanza hicho kikosi tunaanzia wapi, mahindi yanakaribia kubeba.

Mtoto wa Mbwemkuru

Anzeni na watu 8, wanaume kwa wanawake, wasiwe walevi, wawili wawili kila usiku. Barua ya mkutano wa kitongoji ipitie kwa mtendaji iende kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, ombeni mafunzo ya siku mbili, huwa wanakuja mkiandika. Tochi nzuri nne mnachanga, honi za gesi ndogo mbili. Chorea kwenye karatasi njia zote za kuingia kitongojini na jina la mtu atakayesimama kila njia ikitokea mchana. Yule wa njia ya mashambani achaguliwe kwanza, na awe mtu mwenye mbio, maana anatakiwa kuwakuta walioko shamba kabla tembo hajawakuta. Nicheki inbox nikutumie barua yetu tuliyoandika sisi, ubadilishe majina tu.